Kiangazi cha Nyumbani Kwakoa: Maji, Chungu na Kivuli

Kwakoa ni kata ya Wilaya ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro, katika tambarare kavu iliyo mashariki ya milima ya Upare Kaskazini, upande wa Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya. Kwa kuwa eneo hili liko karibu nyuzi 4 kusini ya Ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na joto la kiangazi, yaani kipindi kikavu kinachotenganisha mvua za vuli na zile za masika, huwa kali zaidi kuanzia Januari mpaka mawingu ya masika yanapojikusanya mwezi Machi. Majira ya joto yanayosifiwa na watu wa Ulaya huangukia Juni na Julai, miezi ambayo mkazi wa Usangi au Ugweno, huko juu milimani, huvaa sweta. Mtu wa Ulaya hutoka nje kulipokea jua, ilhali mtu wa Kwakoa hulikwepa, na kwa sababu hiyo raha ya kiangazi katika tambarare za Upare ina mambo yake yenyewe: humpata yule aliyeiandaa mapema, kwa maji yaliyowekwa akiba, chakula kilichopikwa jana yake na mti uliopandwa miaka kadhaa iliyopita.

Maarifa hayo ya kuweka akiba ni ya kale katika nchi ya Upare. Milimani Wapare walijenga ndiva, ambazo ni mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayochimbwa kando ya vijito, ili maji ya usiku kucha yakusanyike na kufunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa mifereji. Faida ya ndiva haiko katika wingi wa maji tu, kwa maana kijito chembamba kikiachwa kitiririke chenyewe hunywewa na udongo wa mfereji kabla ya kufika shambani, lakini maji yaleyale yakitolewa kwa pamoja huenda kwa nguvu na kufika mbali. Usafishaji wa ndiva na mifereji hufanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu wake, na zamu za kumwagilia hupangwa ili asiwepo anayekausha shamba la mwenzake. Huu ni uhandisi wa kweli, uliobuniwa na wenyeji wenyewe, na unastahili kufundishwa katika shule za wilaya za Mwanga na Same kwa heshima ileile inayopewa mabwawa ya zege.

Kaya ya tambarare isiyo na ndiva inaweza kuifuata kanuni hiyo katika bustani ya nyuma ya jiko. Maji yaliyooshewa mchele na mboga hukusanywa kwenye ndoo mchana kutwa, kisha humwagiliwa jua linapotua, kwa kuwa sehemu ya maji yanayomwagwa saa sita mchana hurudi angani kwa mvuke kabla mizizi haijanufaika. Umbo la kitalu nalo lina uzito wake. Milimani, ambako mvua ni nyingi, mkulima huinua tuta ili maji ya ziada yatoke, lakini katika nchi kavu inafaa kitalu kizame, yaani kichimbwe kina cha kiganja au zaidi chini ya usawa wa ardhi na kuzungushiwa kingo, ili kila tone libaki palepale lilipoangukia. Juu ya udongo hutandazwa manyasi makavu, ambayo wataalamu wa kilimo huyaita matandazo, na kazi yake ni kuukinga udongo na jua, kupunguza magugu na, yanapooza, kuongeza rutuba. Samadi ya mbuzi au ng'ombe haikosekani katika nchi hii ya wafugaji, ila lazima iachwe ioze vizuri, kwa kuwa samadi mbichi huunguza miche.

Penye uhaba mkubwa zaidi wa maji, gunia moja linaweza kuwa bustani kamili. Katikati ya gunia husimamishwa mhimili wa kokoto unaoteremsha maji mpaka chini, pembeni hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, na miche ya mchicha au sukuma wiki hupandwa juu na kwenye matundu yaliyotobolewa ubavuni. Kunde na maboga hulipa mara mbili, kwa kuwa majani yake ni mboga na matunda au mbegu zake ni chakula pia, na kunde hasa huvumilia ukame kuliko maharage. Mlonge, mti wenye majani yanayoliwa, hustahimili kiangazi pasipo kumwagiliwa kila siku na hufaa kupandwa kwenye ua.

Bustani ya karibu na nyumba ina sababu nyingine ambayo mgeni anaweza asiifikirie, nayo ni tembo. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, inapakana na Tsavo ya Kenya, na tembo wanaozunguka kati ya hifadhi hizo hutoka kiangazi kutafuta maji na malisho, wakaingia katika mashamba ya vijiji vya tambarare na kumaliza kwa usiku mmoja kazi ya msimu mzima. Baadhi ya wakulima nchini hufunga kamba zenye vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu, kwa kuwa tembo huchukia harufu hiyo, lakini kinga hiyo huhitaji kurudiwa mara kwa mara, na hasara ya mkulima mdogo bado ni nzito mno kuachiwa yeye peke yake.

Kinachotoka bustanini huishia chunguni, na chungu cha Upare kinajulikana kwa makande, chakula cha mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Mahindi makavu hutwangwa kwanza kinuni ili ganda litoke, kisha hulowekwa pamoja na maharage usiku kucha, jambo linalopunguza muda wa kuchemsha na hivyo kuokoa kuni. Maharage mekundu yanapaswa kuchemka sawasawa, maana yana sumu ya asili inayoharibika kwa moto mkali tu, na anayeyala yakiwa nusu mbichi huweza kutapika na kuharisha. Wapishi wengi hutia magadi ili yalainike upesi. Magadi hufanya kazi hiyo kweli, lakini huharibu sehemu ya vitamini B1, kwa hiyo kuloweka ndiyo njia bora kwa mwenye nafasi. Yakiiva huungwa kwa kitunguu na nyanya, au kwa tui la nazi au karanga, na mchicha wa bustanini ukitiwa dakika za mwisho mlo unakuwa umetimia.

Mboga zinazozidi wakati wa mvua zinaweza kuvuka mpaka kiangazi. Majani ya kunde huchemshwa kidogo, kisha huanikwa kivulini penye upepo, kwa sababu jua la moja kwa moja hupunguza vitamini A. Kwa kinywaji, tambarare zina mibuyu na mikwaju: unga wa ubuyu ukikorogwa katika maji na kuchujwa hutoa juisi chachu yenye vitamini C nyingi, na ukwaju uliolowekwa nao hutoa kinywaji chachu bila moto kuwashwa. Kutoka milima ya Same, hasa Mamba Myamba, huja tangawizi, ambayo katika chai hutoa jasho linaloupoza mwili linapokauka.

Mwisho wa juma huko Upare hauna siku moja. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika Upare Kusini mwaka 1903, na tangu hapo familia nyingi hushika Sabato kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi. Walutheri na Wakatoliki hupumzika Jumapili, na Waislamu, walio wengi katika sehemu za Upare Kaskazini, huitukuza Ijumaa kwa sala ya jamaa. Katika ukoo wenye watu wa dini mbalimbali, ziara, chakula na kulea watoto hupokezanwa siku tatu mfululizo, na ujirani wa namna hiyo ni hazina. Waadventista huiita Ijumaa siku ya maandalio, ambapo kuni hukatwa, maji huchotwa na chakula hupikwa ili Jumamosi kisihitaji zaidi ya kupashwa moto. Makande yanaufaa mpango huo kuliko chakula kingine, kwani ladha yake ya siku ya pili huwashinda wengi kuiacha.

Hapa lazima jambo moja lisemwe waziwazi. Katika nyumba nyingi maandalio hayo humwangukia mama na binti zake, na siku ambayo baba na wageni wameketi barazani huku mama akipuliza moto haiwezi kuitwa siku ya mapumziko ya familia. Vijana wa kiume wakichota maji na kutwanga mahindi siku ya Ijumaa, mama naye hupata saa za kuketi.

Mahali pa kuketi ni kivulini, na kivuli hupangwa kwa kufuata njia ya jua. Joto linaloumiza zaidi ni la alasiri, wakati kuta zimekwisha kunyonya jua la tangu asubuhi, kwa hiyo mti hufaa zaidi ukipandwa upande wa magharibi wa nyumba. Mwarobaini hukua upesi na kwa kawaida hubaki na majani hata kiangazi. Mwembe huchelewa, ila hutoa kivuli kizito pamoja na matunda, na uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kikonyo cha mti bora, huanza kuzaa katika miaka mitatu au minne, mapema kuliko uliooteshwa kwa mbegu. Miche ya miti yote miwili hupandwa masika yanapoanza, ili mizizi iende chini kabla ardhi haijakauka, na kwa miaka miwili ya kwanza huhitaji kuzungushiwa miiba, kwa sababu mbuzi wa Kwakoa nao hupenda majani machanga ya kiangazi.