Dalili ya Mvua ni Mawingu: Methali Hii Yasema Nini Hasa?

Waingereza wakiona jambo linaelekea kutokea husema liko kwenye karata, na kwa kawaida msemo huo huhusishwa na watabiri waliopanga karata mezani. Waswahili walitazama juu: dalili ya mvua ni mawingu.

Neno dalili lina asili ya Kiarabu, nalo hubeba wazo la kuongoza, kuonyesha njia. Kuonyeshwa njia si kufika. Methali basi haisemi kwamba kila wingu ni mvua. Sisi wa Mbulu na Hanang twalijua hilo: kilele cha Hanang, mita 3,420, chaweza kuvaa wingu tangu asubuhi, na jioni mkulima bado anatazama vumbi shambani.

Katika Luka 12:54 Yesu anawataja watu waonao wingu likitokea magharibi na papo hapo wakatabiri mvua. Msomaji wa huku hushangaa kidogo, maana mvua zetu huletwa na pepo za Bahari ya Hindi, mashariki. Kwao bahari iko magharibi. Kumbe dalili husomwa na mtu anayejua mahali alipo.

Vuli ya mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetabiri mvua kubwa kuliko kawaida, na mvua zikaja. Lakini tarehe 3 Desemba matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Hayo hayakuonekana kwenye wingu lolote, na anayeitumia methali hii kuwalaumu marehemu, eti walipuuza dalili, anaitwisha mzigo usio wake. Ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Injili ya siku hiyo, Marko 13:33-37, inahusu kukesha kwa kuwa saa haijulikani.

Mlima nao una dalili zake, tofauti na za mvua: nyufa mpya kwenye mteremko, miti iliyoanza kuinama, maji ya kijito kugeuka tope ghafla. Na moja ambayo watu wengi huipokea kwa furaha: mto kupungua wakati mvua bado inanyesha, kumbe umezibwa huko juu.