Ujumbe Usiofika Mzima

Ashukaye asubuhi mpaka bandari ya Kituku, mjini Goma, ataona kwamba biashara ya ziwa Kivu yategemea habari sawasawa na injini. Mama mwuza sambaza ataka kujua kama mashua imekwisha kuondoka Minova. Mwenye ndizi wa Idjwi ataka kujua bei kabla ya kupakia. Zamani habari hizo zililetwa kwa vinywa vya mabaharia. Siku hizi zapita katika simu, na hapo ndipo shida ianzapo, kwa maana programu yenye jina moja haifanyi kazi moja mikononi mwa watu wote.

Tutazame WhatsApp, ambayo wasomaji wetu wengi waijua. Mwaka 2019 kampuni ya Orange ilitangaza kwa ajili ya Afrika simu ndogo ya vitufe iitwayo Sanza, yenye mfumo wa KaiOS, kwa bei ya karibu dola 20. Mwaka uo huo WhatsApp iliingizwa katika simu za mfumo huo, na wenye mfuko mwepesi wakafurahi. Lakini waliweza kuandikiana tu na kupelekeana sauti, wasiweze kupigiana; uwezo huo waliupata mwaka 2021. Kisha, mwezi wa Juni 2024, programu hiyo iliondolewa katika duka la KaiOS, na mwanzoni mwa mwaka 2025 ikanyamaza hata kwa wale waliokuwa nayo. Simu ni nzima, betri ni nzima, mwenyewe yu mzima. Wenzake wanaongea, naye hasikii. Wako wasemao kwamba maendeleo hayamngoji mtu. Labda, ila mwuza maharagwe hakuulizwa.

Wala mwenye simu ya bei kubwa asijisifu. Kabla ya mwaka 2022, aliyehama kutoka Android kwenda iPhone hakuwa na njia ya kawaida ya kuchukua mazungumzo yake ya WhatsApp. Akiba ya simu ya kwanza iliwekwa kwa Google, ya pili kwa Apple, na ghala hizo mbili hazikupokezana. Mtu aweza kucheka akidhani yaliyopotea ni salamu na picha za arusi. Lakini sokoni deni hufungwa kwa maneno machache, “nipe beseni mbili, nitalipa Jumamosi,” na maneno hayo ndiyo daftari pekee ya mama yule. Yakipotea, atamdai nani, na kwa ushahidi gani?

Kazi za ofisi nazo zina kero yake. Karani wa shule hutengeneza jedwali la karo katika kompyuta, safi kabisa; mzazi alifunguapo katika simu yake aona mistari imevunjika na tarakimu zimeangukia ukurasa wa pili. Si uzembe wa karani. Simu ikikosa umbo la herufi alilolitumia, huweka jingine lililo pana zaidi, na kila kitu husukumwa. Tena dunia ina kanuni mbili za hati hizo: ile ya OpenDocument ilikubaliwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006, na ile itokayo Microsoft mwaka 2008, wala programu zote hazizisomi sawasawa. Hati ya kusomwa tu yafaa ipelekwe kwa PDF, kwa sababu yaweza kubeba herufi zake yenyewe. Ila mwalimu asiye na kompyuta, atakaye kuandikia wazazi mia barua moja, kila mmoja kwa jina lake, hataiona kazi hiyo katika Word ya simuni. Ataandika majina yote kwa kidole.

Je, haiwezekani kuwa vingine? Mwaka 1874 mataifa 22 yalipatana huko Bern, Uswisi, barua iliyolipiwa stempu katika nchi moja ipokelewe katika nyingine. Huko Ulaya, sheria ya mwaka 2022 yaziamuru kampuni kubwa za ujumbe zifungue mlango kwa programu za wengine zinazoomba, na mwaka 2025 WhatsApp ilianza kufanya hivyo kwa watu wa huko. Sheria hiyo haifiki Kivu.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na Kituku, watu wakiionea pwani. Vita vilikuwa vimekata barabara, nayo ilikuwa imepakia kupita kiasi. Hesabu za abiria zilizotolewa baadaye zilitofautiana sana. Hatusemi kwamba simu ingeliizuia boti hiyo isizame. Twasema kwamba orodha ya abiria isingoje programu iliyo katika simu hii na kukosekana katika ile. Ujumbe mfupi wa kawaida wapita kutoka Vodacom hata Airtel, hata Orange, na kila simu yaupokea, ya dola 20 na ya dola 1,000. Herufi zake ni 160. Zatosha kuandika jina la mashua, saa ya kuondoka na idadi ya watu waliomo.