Mifereji ya Mawe ya Engaruka

Sisi wa Chemba twaujua mto Bubu: wakati wa mvua hupita kwa kishindo, na kiangazi twafukua mchanga wake kutafuta maji. Basi yafaa tuwatazame wazee wa kale wa Engaruka, wilaya ya Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa.

Kati ya karne ya 15 na ya 18 wakulima hao waliyateka maji ya vijito vishukavyo mlimani, wakayapitisha katika mifereji ya mawe hata mashamba yao, yapatayo hekta 2,000. Hawakutia chokaa, jiwe lilipangwa juu ya jiwe. Kila kipande cha shamba walikisawazisha na kukizungushia ukuta mfupi, ili maji yatembee polepole, yasichukue udongo. Hapo ndipo ulipo ustadi wao, kwani kuyaleta maji ni kazi, lakini kuyatuliza ni kazi zaidi.

Walipanda mtama, na vijiji vyao 7 vilikaa mtelemkoni, juu ya mashamba. Kisha wakahama. Wataalamu wengi wadhani kuwa maji yalipungua. Mto Engaruka ungali watiririka, na watu walima kwa maji yake. Mifereji ya vijito vingine imebaki mikavu, mawe yake yangali yamepangika.