Uvimbe wa Titi: Pesa Yako Ianzie Kipimo Gani?

Mwanamke wa Buyenzi au Kinama, hapa Bujumbura, aliyeshika kitu kigumu kwenye titi lake ana pesa kidogo na watu wengi wa kumshauri. Mmoja atamwambia asubiri, mwingine atamtumia kwenye simu habari ya kipimo kipya cha damu kinachosoma RNA na kugundua saratani bila kutobolewa titi. Nitaanza na hicho, kwa sababu ndicho kinachovutia, na kwa kuwa hulipwa kwa dola wakati mshahara wetu ni wa faranga.

Sayansi yake ni ya kweli. Seli zetu zina RNA ndogondogo zisizotengeneza protini, kazi yake ni kuongoza jeni. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Nobeli mwaka 2024 kwa kuzigundua. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba huzunguka kwenye damu na zinapimika. Mojawapo, miR-21, huonekana kupanda kwa wagonjwa wengi wa saratani ya titi.

Lakini hiyo miR-21 hupanda pia kwenye saratani nyingine, hata kwenye uvimbe wa kawaida wa mwili unaopambana na ugonjwa. Tena damu yenyewe ni ya kudekezwa. Seli nyekundu zikipasuka kwenye tyubu, humwaga RNA zao na kuharibu hesabu. Tyubu yenye heparini huzuia PCR, njia ya kupima RNA hizo, kufanya kazi. Damu inatakiwa itenganishwe mapema, kisha igandishwe kwenye baridi kali mpaka ifike labo. Nani atakuhakikishia hayo kwa joto la Bujumbura, umeme ukikatika, huku tyubu ikisubiri ndege?

Na jibu likija, ununue nini nalo? Likisema ipo, daktari atakupeleka ekografi na kukutoboa. Likisema haipo huku donge lipo, daktari mwenye akili atakupeleka hukohuko. Kwa hiyo gharama ile haiondoi nyingine, inaongezeka juu yake. Hakuna mwongozo wa WHO unaokubali kipimo hicho kitumike kuthibitisha saratani ya titi. Kipimo kingine cha damu, CA 15-3, ambacho labo nyingi hukifanya, nacho hakitoshi kuthibitisha: saratani changa huweza kukiacha chini kabisa. Kazi yake ni kufuatilia mgonjwa ambaye ugonjwa wake unajulikana tayari.

Pesa ya kwanza iende kwa daktari wa kukushika titi na kwapa, kisha ekografi. Kwa dada ambaye hajafika miaka 40, ekografi mara nyingi inaona vizuri kuliko mamografia, kwa sababu titi lake bado limeshikana. Huku kwetu wengi huugua wakiwa na umri mdogo kuliko wanawake wa Ulaya, kwa hiyo usikubali kuambiwa wewe ni mdogo mno.

Baada ya hapo ni anapati, yaani kutolewa sampuli ya donge na kuipima labo, na hapa ndipo usibane pesa. Sindano nyembamba ya kunyonya seli ni rahisi, ila mara nyingi haitoshi kueleza aina ya ugonjwa, na unalipa tena. Sindano nene hukata kipande chenyewe cha nyama. Kipande hicho ndicho kinachopimwa vipokezi vya homoni na HER2, na hayo ndiyo yanayoamua dawa: ukiwa na vipokezi vya homoni, tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kilicho kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu, huweza kukutibu kwa miaka. Damu ya RNA haikupi jibu hilo.

Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: nyama itatiwa kwenye formalini mara moja? Na vipokezi vimo kwenye bei, au ni bili nyingine? Ukimaliza, omba kile kipande kilichohifadhiwa kwenye nta pamoja na vioo vyake. Kinakaa miaka, kinaingia mfukoni. Wagonjwa wengi wetu huvuka mpaka kutafuta mionzi, wakienda hospitali ya Bugando kule Mwanza, Ocean Road kule Dar es Salaam, au Kampala. Tangu Januari 2024, Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda, njia ya kwenda hospitali ya saratani ya Butaro, kule Rwanda, imekuwa ngumu. Ukifika na nta yako, huenda usitobolewe upya. Mwenye bima ya mitiweli au kadi ya msaada wa matibabu (CAM) aulize kwanza inalipa nini, na wapi.

WHO inataka jibu lipatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike hospitali mara ya kwanza. Anayekuuzia kipimo cha RNA mwambie angoje. Wewe dada, kama donge lipo, wiki hii nenda ukapigwe ekografi.