Kishona Nguo Bandarini Bujumbura

Mtu apitaye kwenye majani ya ufuko wa Ziwa Tanganyika, karibu na Bandari ya Bujumbura, mji ambao wazee waliujua kwa jina la Usumbura, aghalabu hutoka pindo la nguo yake limegandwa na vijiti vyeusi vyembamba, kila kimoja na meno mawili au matatu yenye miba iliyoelekea nyuma. Ndizo mbegu za kishona nguo, mmea wenye asili ya Amerika, ulioenea takriban nchi zote za joto kwa kudandia nguo za watu, manyoya ya wanyama na magunia ya shehena.

Watu hulidharau gugu hili, ilhali ndilo lililowataabisha wakulima wa soya wa Brazili, ambako mwaka 1993 ilidhihirika kwamba halifi tena kwa dawa za magugu walizozitegemea. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, wataalamu wa Kenya walikwisha kuliona katika mashamba ya kahawa likinyunyiziwa dawa iitwayo parakwati na kustahimili.

Wengi hudhani gugu limeizoea dawa, kama mtu azoeavyo tumbaku. Sivyo hata kidogo. Dawa zile za Brazili huzuia kimeng'enya kimoja ambacho mmea hukitumia kujitengenezea amino asidi tatu, na badiliko la kiungo kimoja tu cha kimeng'enya hicho hutosha kuifanya dawa ikose pa kushika. Miche michache yenye badiliko hilo huwamo shambani tangu mwanzo, imetawanyika katikati ya maelfu isiyo nalo, na mkulima arudiaye dawa ile ile kila msimu huiua miche yote isiyo nalo, akaiachia hiyo michache shamba zima kuwa urithi wake.

Kwa muda mrefu kahawa ya Burundi ilipakiwa na mahamali katika bandari hii, ikavushwa ziwa hadi Kigoma, kisha ikasafiri kwa reli mpaka Dar es Salaam. Na njia ipitishayo magunia, naamini, haikosi kupitisha kishona nguo. Nako mashambani, soya ya Burundi hupaliliwa zaidi kwa mkono, nami siuoni upaliaji huo kuwa unyonge, kwa maana jembe halichagui kati ya gugu sugu na lisilo sugu. Atakayenunua dawa, sharti aangalie namna inavyoua, wala si jina la chupa tu, kwani chupa mbili zenye majina tofauti huweza kuwa na sumu moja. Na mche uliosalia mbichi baada ya kunyunyiza ung'olewe kabla haujachanua, maana mmoja huweza kutoa maelfu ya mbegu.