Mzigo wa Kwale na Rekodi Nyingine za Miti ya Dawa

Bustani kongwe. Amani, juu ya Muheza, Tanzania, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Mkwinini ulioteshwa huko kwa ajili ya malaria. Saratani, ambayo rekodi zifuatazo zinaihusu, haikuwa akilini mwao.

Kipimo rahisi kuliko vyote cha kusaka dawa ya saratani kwenye mimea. Hakidai mashine ya mamilioni. Mayai ya artemia, jamaa wa uduvi, huanguliwa kwenye maji ya chumvi. Watoto wake hutiwa katika dondoo ya mmea, na baada ya saa 24 unahesabu waliokufa. Njia hii ilichapishwa mwaka 1982, na Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili imeitumia sana kuchuja mimea ya waganga. Dondoo kali ndiyo hupelekwa mbele, kwenye seli za saratani. Kwa hiyo ukisikia muuza dawa sokoni akisema mti wake "umepimwa maabara", muulize umepimwa kwa kipimo gani. Kilichoonekana huenda ni sumu tu.

Mzigo mzito kuliko yote. Vuka mpaka wa Horohoro, pita Lunga Lunga, panda hadi Shimba Hills, Kwale, nchini Kenya. Mwaka 1976 zilikusanywa humo kilo 27,215 za mti wa Maytenus buchananii kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Ilikuwa ikisakwa maytansini, kemikali ambayo Morris Kupchan na wenzake waliitangaza mwaka 1972 kutoka kwa jamaa wa mti huo wa Ethiopia. Miaka minne baadaye wakusanyaji walirudi, wakahangaika: miti haikuwa imeota upya vya kutosha. Huwa tunamsema mganga anayebandua magome. Gunia lake ni nini mbele ya tani 27?

Mavuno haba kuliko yote ni ya mzigo huohuo. Kilo moja hutoa miligramu chache tu, hivyo tani zote zile zisingefikisha hata robo kilo ya maytansini.

Subira ndefu kuliko zote nayo ni ya hapohapo. Wagonjwa walipopewa maytansini, sumu yake ilizidi faida yake, ikawekwa kando. Baadaye wataalamu waliifunga kemikali iliyotokana nayo kwenye kingamwili inayozitafuta seli za saratani zenye protini iitwayo HER2. Dawa hiyo, trastuzumab emtansine, iliidhinishwa Marekani Februari 2013 kwa saratani ya matiti, miaka 41 baada ya tangazo la Kupchan. Na malighafi yake haitoki tena msituni: hutolewa na bakteria, Actinosynnema pretiosum, wanaokuzwa kiwandani.