Wasikilizaji wengi ao wachache: koperative ihesabu nini?



Siku hizi kuna koperative zinazotoa franga za mfuko wao kulipa kipindi kwenye radio ya eneo. Kwenye kikao swali la kwanza ni lile lile: "Radio hiyo inasikilizwa na watu wangapi?" Mwenye radio anajibu kama antena yake inafika vilima vyote mpaka ziwani, watu wanafurahi, makuta yanatoka. Kuuliza hivyo si vibaya. Lakini antena inaonyesha mahali sauti inafika. Haionyeshi nani alikuwa na mawe ya kutia ndani ya radio yake, wala nani kesho yake alishika panga akaenda kufanya kile alichosikia.

Mwaka 1956, pande za Pune kule India, UNESCO na radio ya taifa walifanya jaribio ambalo mpaka leo lina faida kwetu. Wazo lilitoka Kanada, ambako tangu 1941 wakulima walikuwa wanakutana nyumbani kwa jirani kusikiliza radio pamoja. Huko Pune, katika vijiji karibu 150, waliunda vikundi vya watu kama 15 mpaka 20. Mara mbili kwa juma, kwa muda wa majuma 10, walisikiliza kipindi cha nusu saa, kisha wakabaki pale pale kuzungumuza, na maswali yao yakatumwa kwenye radio. Vijiji vingine vilikuwa na radio bila kikundi. Walipopima ujuzi wa watu, vijiji vyenye vikundi vilikuwa vimepanda sana, na vile vyenye radio tu vilipanda kidogo. Kipindi kilikuwa kimoja kwa wote. Kilichowatenganisha ni mazungumuzo baada ya kufunga radio.

Hapa kwetu pia vilabu vya kusikiliza radio si kitu kipya. Kivu ya Kusini FAO ilivisaidia kwa njia ya mradi wa Dimitra, pamoja na mashirika ya wanamama wa vijijini.

Tuchukue wilti ya migomba, ule ugonjwa ambao majirani wetu wa Rwanda wanauita kirabiranya. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Zamani shauri lilikuwa: ngoa shina zima pamoja na watoto wake wote. Watu walisikia vizuri sana, na wengi hawakufanya. Kungoa shina zima ni kazi ya kuvunja mugongo, zaidi kwa mama aliye peke yake, na kisha nyumba inakaa bila ndizi. Kusikia walisikia, lakini walikuwa na jibu, na jibu hilo lilikuwa la kweli. Watafiti walipolisikiliza walijaribu, hata hapa Kivu, njia nyingine: kukata mgomba ule tu unaoonyesha ugonjwa, usawa wa udongo, na kupita tena mara kwa mara kukata mwingine ukitokea. Panga inapitishwa kwenye moto ao ndani ya maji ya Jik mbele ya kugusa mgomba unaofuata. Lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu linavunjwa kwa mti wenye panda, bila kisu, wakati ndizi za mwisho zimekwisha kutokea, juu wadudu wanaleta ugonjwa kupitia pale.

Kama wakulima wangenyamaza, radio ingeendelea kurudilia shauri lisilofanyika.

Lakini tusiseme wingi hauna maana. Tarehe ambayo lori ya kununua kahawa itapita, bei ya juma hili: hayo yanatangazwa mara moja, kwa watu wengi iwezekanavyo, hakuna haja ya kikundi. Na wilti yenyewe inadai wingi wa namna yake. Familia tisa zikifanya kazi na ya kumi ikiacha migomba yake migonjwa, wadudu na mapanga yatarudisha ugonjwa kwa wote. Hapo hesabu ni ya kilima kimoja, nyumba kwa nyumba. Watu elfu kumi waliotawanyika katika teritware nzima hawatakuponyeshea shamba.

Kwa hiyo mbele ya kusaini na radio, muulize mambo mengine. Saa ya kipindi ni gani? Saa kumi na mbili ya jioni mama iko jikoni na radio iko mkononi mwa baba, na mara nyingi ni mama anayeshinda ndani ya migomba. Wanaopiga telefone ni watu wapya, ao ni wale watatu tunaowajua wote? Maswali yanapata jibu kwenye kipindi kinachofuata? Kikundi cha WhatsApp cha koperative kipimwe vile vile: watu 200 wanaotuma tu "asante" na "amina" hawajakuambia kama shauri limefanyika.

Na majuma mawili baada ya kipindi cha wilti, tuma watu wawili wapite kilima kizima wahesabu maua ya zambarau ambayo bado yananing'inia kwenye mikungu iliyokwisha kutoa ndizi za mwisho. Hesabu hiyo waipeleke kwenye kikao, na nakala kwa mtangazaji.